Bima imekataa kulipia ukungu nyumbani kwangu. Niseme yote yametokana na upepo?

*Shikamoo mama mshauri,*

*Nyumba yetu ina bima ya jengo na vitu vya ndani. Tunailipia mwaka wa sita sasa na hatujawahi kudai kitu. Msimu huu wa mvua, usiku mmoja upepo uling'oa mabati mawili juu ya chumba cha watoto. Maji yakajaa darini, yakashuka ukutani, yakalowesha zulia, kabati na godoro. Usiku kucha tulikuwa tunamwaga mabeseni. Asubuhi mume wangu alipanda na fundi wakafunika pale kwa turubai, maana mvua haikukoma na mbao zilikuwa zimelowa mno kupigiliwa.*

*Kosa letu ni kwamba hatukuipigia kampuni ya bima siku ile. Tulisema tusubiri mvua ipungue ndipo tujue hasara yote ni kiasi gani. Zikapita wiki tatu. Kufikia hapo dari lilikuwa limetapakaa ukungu mweusi, na ukuta wa chini ya dirisha una manyoya ya kijani.*

*Kuna jambo la pili ambalo naona aibu kulieleza. Ukuta wa korido unaopakana na bafu una doa tangu mwaka jana. Lilianza dogo, likakua, rangi ikawa inabanduka. Nililisugua kwa dawa ya kung'arisha nguo, nikapaka rangi, baada ya wiki mbili likarudi. Mwishowe nikasogeza kabati la viatu nikaliziba. Mtathmini wa bima alipokuja alilisogeza kabati lile, akauliza doa lina muda gani. Mume wangu akajibu, "Ni hizi mvua." Mimi nikanyamaza.*

*Sasa barua imekuja. Dai lote limekataliwa, hata godoro na kabati. Wanasema ukungu na unyevu uliojengeka polepole haumo kwenye kinga, na kwamba tulichelewa kutoa taarifa. Shemeji yangu anasema tuandike upya, tuseme kila kitu kimetokana na usiku ule, na yuko fundi anayemfahamu atatusainia ripoti. Mume wangu anaona hilo ndilo jibu. Mimi moyo unakataa, lakini nikimsikia mtoto wetu mdogo anavyokohoa usiku nasema labda mimi ndiye mjinga. Nifanyeje?*

*Mama wa Korido*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya bima, mtoto. Kama bado analala kwenye chumba kile, leo ahamie chumba kingine, na godoro lililolowa asilalie tena hata kama kwa juu limekauka. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na limehusisha hali hiyo na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Mpeleke kwa daktari, umweleze hali ya chumba kwa maneno yako yote, na utunze karatasi atakayokupa. Mlango wa chumba kile ufungwe, madirisha yafunguliwe kila mvua inapotulia. Basi, sasa tuzungumze.

Moyo wako uko sawa na shemeji hayuko sawa. Nitakueleza kwa nini, na sitakuambia tu kwamba uongo ni mbaya. Ukisaini barua ile utajinyang'anya pesa ambazo, nikisoma maelezo yako, huenda ni haki yako.

Nyumba yako imeingiliwa na maji mawili. Ya kwanza yaliingia usiku mmoja unaojulikana, kwa tundu lililotobolewa na upepo. Ya pili yamekuwa yakipenya ndani ya ukuta wa bafu kwa mwaka mzima. Kampuni imeyachanganya ikayaita yote "ya polepole". Shemeji anataka kuyachanganya vilevile, ila ayaite yote "ya usiku ule". Kazi yako ni kuyatenganisha, kwa sababu bima ya nyumba karibu popote duniani inalipa tukio la ghafla lisilotarajiwa. Kuchakaa, kuoza na kuvuja kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa kazi ya mwenye nyumba kurekebisha. Bima haiulizi ukungu una rangi gani wala umeenea kiasi gani. Inauliza maji yaliyouzaa yaliingia lini na yalipitia wapi.

Chukua hati yako yote ya bima, si ule ukurasa mmoja wa muhtasari. Tafuta sehemu ya dhoruba au upepo. Mara nyingi utakuta sharti kwamba mvua iliyoingia ndani italipiwa ikiwa upepo ndio uliotangulia kufungua paa au ukuta. Kwako ndivyo ilivyokuwa. Maji yangepita kwenye misumari iliyolegea au mfereji wa paa ulioziba majani, ningekuwa na maneno mengine.

Halafu nenda kwenye sehemu ya mambo yasiyolipwa utafute neno ukungu, kuvu au fangasi. Hapo soma polepole, nukta kwa nukta, maana hati hazifanani. Nyingine hukataa ukungu wa kila aina. Nyingine hukataa, kisha katikati ya sentensi huweka "isipokuwa pale unapotokana na tukio lililokingwa na hati hii". Nyingine hukubali kulipia kuuondoa, lakini kwa kiwango cha juu kilichowekwa, kidogo sana ukilinganisha na bima ya jengo. Neno "isipokuwa" ndilo unalolitafuta. Nimeona watu wakisoma barua ya kukataliwa wakaamini hati inasema hivyo, kumbe barua imenukuu nusu ya sentensi.

Ugumu huu wa ukungu una historia. Mwaka 2001 huko Texas, Marekani, mahakama ilimpa mwenye nyumba mmoja zaidi ya dola milioni 32 dhidi ya kampuni ya bima kwenye kesi ya maji na ukungu. Kiasi hicho kilipunguzwa sana baadaye, lakini madai ya namna hiyo yaliongezeka na kampuni za huko zikaanza kuandika upya hati zao, zikiufungia ukungu nje au kuuwekea kikomo. Ndiyo sababu usitegemee hati ya jirani, wala hati yako mwenyewe ya miaka sita iliyopita. Soma ya mwaka huu.

Hata hati yako ikiukataa ukungu kabisa, haiwezi kwa sababu hiyo peke yake kukataa maji. Mbao zilizovimba, dari lililoshuka, zulia, kabati na godoro viliharibiwa na maji usiku ule kabla ukungu haujaota. Ndiyo maana nilishangaa kusoma kwamba hata kabati limekataliwa. Hapo naona mtathmini ameandika ripoti moja ya unyevu kwa nyumba nzima, na huo ni udhaifu wa barua yao utakaouonyesha.

Wanasheria wa bima wana kesi moja ya zamani wanayoipenda, nami naipenda pia. Mwaka 1915 meli ya Ikaria ilipigwa topido, yaani kombora la chini ya maji, karibu na Le Havre, Ufaransa. Haikuzama palepale. Ilivutwa hadi bandarini, upepo mkali ukawa unaigonga gatini, ikahamishiwa sehemu ya nje, na huko maji yakipwa inakaa chini, yakijaa inaelea, mpaka ikavunjika na kuzama. Je, ilizamishwa na bahari au na topido? Mwaka 1918 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema ni topido: chanzo kinachohesabiwa ni kile chenye nguvu kilichosukuma mengine yote, hata kama si cha mwisho kwa saa. Kanuni hiyo inakata pande zote mbili. Wenye meli ile walishindwa, kwa sababu bima yao haikukinga mambo ya vita. Kwenye chumba cha watoto inakusaidia, kwani upepo ndio topido yako. Kwenye korido inakuumiza.

Na hapo ndipo mpango wa shemeji unapovunjika. Mtathmini hahitaji kuambiwa doa lina umri gani, ukuta unamwambia. Maji ya mara moja huacha doa moja pana. Maji yanayokuja na kukauka huacha pete juu ya pete. Chumvi nyeupe kama unga kwenye plasta ni dalili ya maji yaliyopita humo kwa muda mrefu. Misumari iliyokula kutu, mbao laini inayoingia ncha ya bisibisi, rangi mpya juu ya rangi iliyobanduka: haya yakionekana pamoja, si kawaida kuwa ya wiki tatu. Picha anazo tayari. Ripoti ya fundi ikisema korido ni ya usiku ule, kampuni itakuwa na barua yenu yenye uongo mkononi, na hati nyingi za bima zinasema dai lenye udanganyifu linaweza kukataliwa lote, pamoja na sehemu iliyo ya kweli. Mnaweza pia kufutiwa bima, na mahali pengi udanganyifu wa namna hiyo ni kosa la jinai. Na fundi yule atakuwa amewaingiza humo pamoja naye.

Lile jibu la mume wako, "ni hizi mvua", nalo nalichukulia kwa uzito. Lisahihisheni wenyewe, kwa maandishi, kabla hamjaulizwa mara ya pili. Sikufichi, kampuni inaweza kulishika jibu lile. Lakini mtu anayerudi mwenyewe na kusema doa la korido ni la zamani, wala silidai, yuko mahali tofauti na aliyekamatwa. Zungumza na mumeo kwanza, mkiwa wawili, shemeji asiwepo. Nadhani naye alijibu kwa hofu tu.

Kuhusu kuchelewa, hapo mna deni na ulikiri vema. Hati nyingi hudai taarifa mara moja au ndani ya siku zilizotajwa, na sababu yake ni ya kweli: ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa ambacho hakijakaushwa. Kwa wiki tatu ukungu umepata nafasi ya kutosha, na kampuni inaweza kusema sehemu ya ukungu ule ungezuilika. Lakini linganisha: kuchelewa kunaweza kuwaondolea baadhi ya fidia ya ukungu, ila hakuwezi kubadilisha ukweli kwamba mabati yaling'oka na mbao zikalowa usiku ule. Tena hamkukaa bure. Karibu kila hati inamtaka mwenye bima azuie hasara isizidi, na mlifanya hivyo asubuhi ileile. Una risiti ya turubai? Ya fundi? Una picha yoyote ya mabeseni kwenye simu, hata aliyopiga mtoto kwa kucheza? Picha ya simu huwa imehifadhi tarehe na saa. Ujumbe mliowatumia ndugu usiku ule mkilalamika paa limeondoka nao ni ushahidi. Idara ya hali ya hewa huweka kumbukumbu za upepo na mvua, iombeni ya usiku huo. Jirani aliyeona mabati yakiruka aandike nusu ukurasa na kusaini.

Godoro na zulia msivitupe bado. Vitoeni nje chini ya kivuli, vipigwe picha kwa mbali na kwa karibu, na muiandikie kampuni kwamba mnataka kuvitupa kwa ajili ya afya na mnawapa siku chache kuja kuvikagua. Wasipokuja, vitupeni, mbaki na kipande cha zulia kwenye mfuko.

Barua yako ya kupinga iwe fupi. Ingekuwa yangu ningeandika hivi: "Tunaomba uamuzi wenu uangaliwe upya. Dai letu linahusu uharibifu wa usiku wa tarehe fulani peke yake, pale upepo ulipong'oa mabati mawili juu ya chumba cha watoto. Unyevu wa ukuta wa korido ni wa tangu mwaka jana, hauhusiani na tukio hili na hatuudai. Jibu tulilompa mtathmini kuhusu ukuta huo halikuwa sahihi na tunalisahihisha hapa. Tunaomba mtutajie kipengele hasa cha hati mnachokitegemea kukataa dari, mbao, zulia, kabati na godoro, pamoja na nakala ya ripoti ya mtathmini." Ambatanisha picha na risiti. Usiweke malalamiko ya miaka sita ya kulipa, ingawa najua yanauma.

Lile ombi la kutajiwa kipengele usiliache. Katika mifumo mingi ya sheria, wewe unatakiwa kuonyesha kwamba hasara imetokana na tukio lililokingwa. Ukishaonyesha, kampuni inayokimbilia kipengele cha kutolipa ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba kinahusika. Na maneno ya hati yakiwa na maana mbili, kwa kawaida husomwa dhidi ya aliyeyaandika, yaani kampuni. Wakikataa tena, nchi nyingi zina mamlaka ya kusimamia bima au ofisi ya kusuluhisha migogoro yake, na huko mara nyingi unaweza kusikilizwa bila wakili. Angalia muda wa kupinga ulioandikwa kwenye barua yao, usije ukapita.

Sasa korido. Nakuambia wazi: hiyo mtalipa wenyewe. Baadhi ya hati hutaja hata siku, kwa mfano kuvuja kunakoendelea siku 14 au zaidi hakulipwi. Nyingine hulegeza kama uvujaji ulikuwa umejificha mahali ambapo mwenye nyumba asingeweza kuuona. Wewe uliuona ukauwekea kabati. Sikulaumu, wengi wetu tuna kabati la namna hiyo mahali fulani. Ila usipake rangi tena kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Fungeni mabomba yote jioni, someni mita ya maji, msitumie maji kwa muda wa saa mbili, someni tena. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja, na inawezekana liko ndani ya ukuta huo. Isiposogea, kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya alumini, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa bafu unaotua kwenye ukuta baridi, na dawa yake ni dirisha au feni. Yakiwa nyuma ya karatasi, maji yanatoka ndani ya ukuta, labda kwenye viungo vya vigae vya bafu au chini kwenye msingi.

Kuhusu dawa ya kung'arisha nguo, hukukosea wewe peke yako. Kwenye plasta na mbao inaweza kufuta rangi ya ukungu na kuacha mizizi ndani, na hata ukungu uliokufa bado unaweza kumsumbua mwenye pumu, kwa hiyo ni lazima uondolewe, kuuua hakutoshi. Vigae na vyuma husuguliwa kwa sabuni na maji vikakaushwa. Dari la jasi lililoota ukungu hukatwa likatupwa. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba mnaweza kulifanya wenyewe kwa barakoa nzito ya vumbi, glovu na miwani, watoto wakiwa mbali. Dari la chumba kile, kwa ulivyolieleza, limezidi hapo. Tafuteni fundi anayejua kazi hiyo, na aanze baada ya paa kufungwa na mbao kukauka, maana akianza mapema mtamwita tena. Baadaye kipima unyevu kidogo cha kutundika ukutani kitawasaidia: unyevu wa hewa ya ndani ukae chini ya asilimia 60.

Hati yenu ikifika wakati wa kuhuishwa, usikubali tu kulipa na kupokea stakabadhi. Muulize wakala, na ajibu kwa maandishi: mafuriko ya maji yanayotambaa ardhini yamo? Mara nyingi hayamo, hununuliwa kando, na kinga yake inaweza kuwa na siku za kusubiri kabla ya kuanza, kwa hiyo kuinunua wingu likiwa limeshatanda hakusaidii. Maji machafu yanayorudi juu kupitia choo yamo? Gharama ya kuvunja ukuta kutafuta bomba linalovuja ipo? Hii wengi hawaijui, na wakati mwingine bima hulipa kuvunja na kujenga upya ukuta hata kama bomba lenyewe hailipi. Na kikomo cha ukungu ni kiasi gani?

Andika barua hiyo wiki hii, isainiwe na nyote wawili. Leo mwambie mumeo akague turubai, kama limechanika alibadilishe, na risiti ya jipya uiweke pamoja na nyingine.